Kuzungukwa na bahari si hoja: dhana potofu kuhusu umeme wa visiwani

Kazi yangu ni kushauri kuhusu umeme wa visiwa vidogo, na kuna kauli moja ambayo nimeisikia hadi imenichosha: "Sisi tumezungukwa na bahari, kwa hiyo nishati yetu iko baharini." Viongozi wanaisema, wenye hoteli wanaisema, hata wahandisi vijana ambao hesabu zake wamezisoma wanaisema. Kauli yenyewe isingekuwa na madhara kama ingeishia mdomoni. Lakini mara nyingi mpango wa jua na betri uliokwisha kuiva huwekwa kando ili "tusubiri kwanza ya bahari", na wakati huo jenereta zinaendelea kunywa dizeli iliyoagizwa kwa meli na kulipiwa kwa fedha za kigeni. Ndiyo maana nianze na hiyo, na nikae nayo.

"Kisiwa chenye bahari pande zote kina umeme wa bahari wa kutosha"

Bahari ina nishati nyingi, hilo halibishaniwi. Swali ni kama ipo kwenye pwani yenu, kwa kiasi gani, na kama inaweza kutolewa kwa bei ambayo mwananchi ataimudu. Na hapo inabidi tutenganishe vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya: maji kujaa na kupwa, mawimbi, na joto la bahari.

Tuanze na kujaa na kupwa. Kila mtu hunitajia La Rance, Ufaransa, mtambo wa megawati 240 unaofanya kazi tangu 1966, au Sihwa wa Korea Kusini, megawati 254, uliofunguliwa 2011. Ni mitambo mizuri sana. Lakini pale La Rance maji hupanda na kushuka kwa wastani wa takriban mita 8. Visiwa vingi vya katikati ya bahari kuu hupata mita moja hivi, na sehemu kubwa ya Karibi haifikishi hata nusu mita. Nishati inayopatikana kwenye bwawa la namna hii hufuata kipeo cha pili cha kimo cha maji, kwa hiyo mita 8 dhidi ya mita 1 ni tofauti ya mara 64.

Wanaonibishia huwa nawaomba tupige hesabu pamoja. Chukua bwawa la hekta moja lenye kimo cha mita moja. Maji yakipwa mara moja, nishati yote iliyomo kinadharia ni takriban kilowati-saa 14. Maji hupwa mara mbili kwa siku katika pwani nyingi, kwa hiyo ni 28, kabla hujatoa upotevu wa mashine. Hekta hiyo hiyo ikitandazwa paneli za jua katika nchi za tropiki itakupa zaidi ya kilowati-saa 3,000 kwa siku. Bwawa lenyewe linahitaji ukuta wa zege baharini, na ukuta huo utaziba njia ya samaki. Baada ya hesabu hii sioni kwa nini tuendelee kuagiza upembuzi yakinifu.

Mikondo ya maji ni habari tofauti kidogo. Penye mlango mwembamba kati ya visiwa viwili, maji yanaweza kukimbia kwa kasi ya kutosha kuzungusha mapanga yaliyozamishwa. Kaskazini mwa Scotland, katika Pentland Firth, kuna mashine nne za megawati 1.5 kila moja. Lakini nguvu ya mkondo hufuata kipeo cha tatu cha kasi: kasi ikipungua nusu, unabaki na sehemu moja ya nane. Mashine nyingi za leo zinataka mkondo unaopita mita 2 kwa sekunde, na uwe unafika hapo mara nyingi, maana kasi ya siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, peke yake haitoshi. Maji mafu nayo, siku ambazo mkondo hulegea, yanakuja kila baada ya wiki mbili, na watu wanataka kuwasha taa siku hizo pia. Wavuvi wenu wanajua mkondo mkali uko wapi. Waulizeni kwanza, kisha pelekeni kipimo cha mkondo mahali watakapowaonyesha na kiachwe huko kwa miezi. Mkondo ukipatikana wa kweli, nitakuwa wa kwanza kuwaunga mkono.

Mawimbi yanavutia zaidi kwa sababu yanaonekana. Yale yenye nguvu kubwa, ya kilowati 50 na zaidi kwa kila mita ya upana wa wimbi, yapo hasa kwenye pwani za magharibi zilizo mbali na ikweta, kama Ireland na Scotland. Karibu na ikweta kiasi hicho hushuka sana. Na tatizo kubwa la mashine ya mawimbi ni kwamba lazima ijengwe kuhimili dhoruba kubwa kuliko zote, halafu ilipe gharama hiyo kwa mawimbi ya siku za kawaida. Ureno iliweka mashine tatu zenye jumla ya megawati 2.25 baharini mwaka 2008. Baada ya miezi michache zilirudishwa bandarini. Mutriku, kaskazini mwa Uhispania, mtambo uliojengwa ndani ya ukuta wa bandari umekuwa ukifua umeme tangu 2011, ila ukubwa wake hata kilowati 300 haufiki. Ukitaka kujifunza kitu, jifunze hapo: walikuwa wanajenga ukuta wa bandari hata hivyo.

Sasa joto la bahari, ambalo kwa visiwa vya tropiki ndilo lenye hoja nzito zaidi. Maji ya juu yana nyuzi 25 na zaidi, ya kina cha mita 1,000 yana nyuzi 4 au 5, na tofauti ya nyuzi 20 inatosha kuendesha mtambo usiku na mchana, mwaka mzima. Kinadharia ufanisi wake ni kama asilimia 7, na ukishaondoa umeme unaoliwa na pampu unabaki na asilimia 2 au 3. Mwaka 1981 Wajapani walijenga mtambo wa namna hii Nauru, kisiwa cha Pasifiki: ulifua takriban kilowati 120, na karibu 90 kati ya hizo zikaendesha mtambo wenyewe. Baadaye Kumejima huko Japani mwaka 2013 na Hawaii mwaka 2015 ikajengwa mitambo ya kiasi cha kilowati 100. Imefanya kazi, na imewafundisha wataalamu. Lakini ni mitambo ya majaribio. Taifa lenye deni la mafuta halipaswi kuwa la kwanza duniani kujaribu mtambo wa megawati 10.

Kama sakafu ya bahari inashuka kwa ghafla karibu na ufuo, ushauri wangu ni huu, na sichoki kuurudia: acheni kufua umeme kwa maji yale baridi ya kina, yatumieni kupoza majengo. Hoteli moja ya Bora Bora imekuwa ikifanya hivyo tangu 2006. Maji ya kina yanapandishwa, yanapoza mfumo wa viyoyozi, kisha yanarudishwa baharini, na umeme wa kupoza hupungua kwa kiasi kikubwa mno. Hospitali, uwanja wa ndege, ghala la samaki: hapo ndipo nishati ya bahari inapolipa leo.

"Jua likizama, umeme umekwisha"

Betri zipo na bei yake imeshuka sana. Tokelau, visiwa vitatu vya matumbawe huko Pasifiki, ilihamia kwenye jua na betri mwaka 2012. Kinachonisikitisha ni kuona watu wakinunua betri kubwa kabla ya kuhamisha matumizi. Kusukuma maji kwenye matangi, kuondoa chumvi katika maji ya bahari, kutengeneza barafu ya wavuvi, yote haya yanaweza kufanywa saa sita mchana. Maji yakiwa tankini na barafu ikiwa ghalani, hiyo nayo ni akiba, na ni rahisi kuliko betri.

"Kwetu kuna joto kali, kwa hiyo paneli zitafua zaidi"

Paneli inataka mwanga. Joto linaipunguzia nguvu, kiasi cha asilimia 0.3 hadi 0.4 kwa kila nyuzi joto juu ya 25, na paneli iliyopigiliwa ikabana bati la paa inaweza kufika nyuzi 60. Iachieni nafasi upepo upite chini yake.

"Asilimia mia nishati jadidifu maana yake jenereta zinauzwa"

Msiziuze. El Hierro, kisiwa cha Uhispania chenye mitambo ya upepo na mabwawa mawili ya kupandisha na kushusha maji tangu 2014, kimepitisha siku nyingi mfululizo bila kuwasha dizeli, lakini ukichukua mwaka mzima upepo na maji vimetoa karibu nusu ya umeme. Na bado hilo ni jambo kubwa: nusu ya mafuta haikuchomwa. Kinachohitajika ni jenereta ndogo zaidi, kwa sababu kubwa ikibeba mzigo chini ya asilimia 30 ya uwezo wake kwa muda mrefu huharibika, pamoja na inveta (vifaa vinavyogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa gridi) zenye uwezo wa kushikilia volti na masafa ya gridi zenyewe jenereta zikiwa zimezimwa. Sharti hilo la inveta liandikwe kwenye zabuni. Ukiliongeza baadaye utalipa mara mbili.

"Kimbunga kitabeba kila kitu"

Kinabeba kilichofungwa vibaya. Vanuatu hutumia mitambo ya upepo inayolazwa chini kabla kimbunga hakijafika, kisha husimamishwa tena. Paneli nyingi zinazong'oka zilishikwa kwa vibanio vya pembeni. Zitakeni zenye bolti zinazopenya kwenye fremu, na fundi azikague kabla ya kila msimu.

"Mradi ni wa msaada, kwa hiyo ni bure"

Chumvi ya bahari haijui nani alilipia. Inakula maungio ya nyaya, feni za inveta, skrubu zisizo za chuma cha pua. Kabla ya kupokea mradi wowote, ulizeni bei ya betri za pili na ni mwaka gani zitahitajika, gawanyeni kwa miezi iliyobaki, kisha fedha hiyo itengwe kutoka kwenye ankara za umeme tangu mwezi wa kwanza, katika akaunti ambayo wizara haiwezi kuigusa kwa kazi nyingine. Na mafundi wawili wa hapo hapo kisiwani washiriki kufunga mtambo tangu siku ya kwanza, wala wasiitwe siku ya kukata utepe.