Virrey hakuwa "gavana mkubwa"

Maandishi mengi ya Kiswahili kuhusu Amerika ya Kilatini humwita kila Mhispania aliyetawala kule "gavana", na akionekana mzito kidogo anapandishwa kuwa "gavana mkuu". Upande wa pili, Hernán Cortés, aliyeiteka Meksiko, na Francisco Pizarro, aliyeiteka Peru, wanatajwa kuwa makamu wa mfalme, yaani virrey. Hawakuwa. Ni kosa dogo, lakini likishaingia, kila kinachofuata kuhusu utawala ule kinapinda.

Virrey alikuwa mtu aliyeteuliwa na mfalme wa Hispania kukaa kwa niaba yake katika nchi ambayo mfalme mwenyewe hafiki. Basi. Cheo hakikuanzia Amerika: Sisilia na Sardinia zilikuwa na virrey mapema zaidi. Christopher Columbus aliahidiwa jina hilo mwaka 1492, akaishia kurudishwa Hispania na pingu mwaka 1500. Utawala wa kudumu wa aina hii Amerika ulianza 1535 Hispania Mpya, makao yake Jiji la Meksiko, chini ya Antonio de Mendoza. Ukafuata wa Peru (1542), wa Granada Mpya huko Bogotá (1717, ukafutwa 1723, ukarudishwa 1739), na wa Río de la Plata huko Buenos Aires (1776).

Sasa tuje kwenye tofauti yenyewe. Virrey aliondoka Hispania na barua kadhaa za uteuzi. Moja ilimfanya virrey, nyingine gavana, nyingine kapteni jenerali, yaani mkuu wa majeshi, nyingine rais wa Audiencia, yaani mahakama kuu ya kifalme. Ugavana, kwa hiyo, ulikuwa kofia mojawapo kati ya kofia zake. Jina la virrey lilimpa hadhi: walinzi, mapokezi ya kifalme, kiti cha mbele kanisani. Kazi za kila siku zilitoka kwenye zile barua nyingine, na kila moja ilikuwa na mpaka wake na mtu wa kumchunga.

Chukua mahakama. Virrey aliketi kwenye kiti cha rais wa Audiencia, lakini kama hakuwa mwanasheria, na wengi wao walikuwa makabaila na askari, hakuwa na kura kwenye hukumu. Majaji walihukumu, yeye akatia saini. Majaji haohao walikuwa na haki ya kumwandikia mfalme moja kwa moja kumshtaki, nao hawakuona haya kuitumia. Hazina nayo ilikuwa sanduku lenye kufuli tatu. Kila ufunguo ulishikwa na ofisa tofauti wa mfalme, na halikufunguka mpaka wote watatu wawepo. Mshahara wa virrey wa Peru katika karne ya 17 ulikuwa dukati 30,000 kwa mwaka, wa Hispania Mpya 20,000. Ni fedha nyingi, lakini sheria ilimkataza kufanya biashara, na yeye na wanawe kuoa katika nchi anayotawala bila ruhusa ya mfalme. Walioikwepa sheria hiyo hawakukosekana.

Muda wake ukiisha ilifuata *residencia*, yaani uchunguzi wa utawala wake. Mpiga mbiu alitangaza mjini kwamba mwenye malalamiko aje, wenyeji wa asili wakiwemo, na mtawala aliyemaliza alijibu kwa mali yake. Tajiri alijua njia za kupunguza makali, lakini hakuna aliyesahau kwamba siku hiyo inakuja.

Francisco de Toledo, virrey wa Peru kuanzia 1569 hadi 1581, ndiye anayeonyesha mamlaka hayo yalifika wapi yakitumika kikamilifu. Kuanzia 1570 alizunguka nchi kwa miaka mitano. Alihamisha watu zaidi ya milioni moja kutoka vijiji vyao vilivyotawanyika na kuwaweka kwenye miji iliyopangwa kwa mitaa iliyonyooka, ili iwe rahisi kuwahesabu na kuwatoza kodi. Mwaka 1572 aliamuru Túpac Amaru, Inka (mfalme) wa mwisho wa Vilcabamba, kimbilio la mwisho la Wainka, akatwe kichwa katika uwanja wa Cusco. Kwa ajili ya migodi ya fedha ya Potosí, iliyo karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, alipanga *mita*, yaani kazi ya lazima ya zamu: mikoa 16 ilitoa mwanamume mmoja kati ya kila saba wanaolipa kodi, jumla yapata watu 13,500 kwa mwaka, waliogawanywa zamu tatu. Zebaki ya kusafishia madini ilitoka Huancavelica. Mpango uliharibikia kwenye hesabu. Watu walikufa au walikimbia, orodha ikabaki ileile, na machifu wakalazimika kulipa fedha badala ya watu wasiokuwepo. Wenye migodi wengine waliona afadhali kutia fedha hiyo mfukoni kuliko kuchimba. Mita ilifutwa 1812.

Kuna pia ule msemo *obedezco pero no cumplo*, "natii lakini sitekelezi", unaonukuliwa kama ushahidi wa ujeuri. Ilikuwa njia halali. Amri ya mfalme ilipofika, virrey aliipokea kwa heshima, akaibusu na kuiweka juu ya kichwa chake. Kama aliona imetolewa bila kujua hali halisi, aliisimamisha na kumwandikia mfalme sababu. Kwa barua zilizochukua miezi baharini, bila mlango huo utawala ungekwama.

Na waliodhani cheo ni ngao walijifunza vibaya. Blasco Núñez Vela, virrey wa kwanza wa Peru, alifika 1544 na sheria mpya za kuwapunguzia walowezi umiliki wa kazi za wenyeji. Audiencia yake mwenyewe ilimkamata mwaka huohuo, na Januari 1546 aliuawa vitani karibu na Quito. Aliyerudisha utulivu, Pedro de la Gasca, alitumwa kama rais wa Audiencia tu, bila jina la virrey. Huko Meksiko, Januari 1624, virrey Marqués de Gelves aligombana na askofu mkuu, umati ukavamia ikulu, naye akaponea chupuchupu.

Kwa hiyo Pizarro aandikwe gavana. Aliuawa 1541, kabla Peru haijapata virrey. Cortés vilevile alikuwa gavana na kapteni jenerali. Mtawala wa Manila abaki gavana, kwa sababu Ufilipino ilikuwa chini ya Hispania Mpya. Na Francisco de Almeida, aliyeshambulia Kilwa na Mombasa mwaka 1505, alikuwa makamu wa mfalme kweli, ila wa Ureno, na wa India.