Usingizi wa mchana wa mtoto: maswali ya mama anayekaribia kurudi kazini

Tanzania, likizo ya uzazi ni siku 84. Mama anapomkabidhi mtoto kwa dada wa kazi au bibi, mtoto ana karibu miezi mitatu, na ndio kwanza usingizi wake unaanza kujipanga. Ndiyo maana maswali haya huja kwa wingi wakati huo.

Mwanangu ana wiki sita. Nimpangie saa za kulala mchana?

Bado. Kichanga wa umri huo hajatofautisha usiku na mchana. Njaa ndiyo inayomwamsha, naye hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa chini ya miezi mitatu anahitaji kulala jumla ya saa 14 hadi 17, usiku na mchana. Kwa sasa msaidie tu kuujua mchana: asubuhi fungua mapazia, kaa naye penye mwanga, sauti za nyumbani ziendelee kama kawaida. Usiku mnyonyeshe kimya kimya, taa iwe hafifu.

Ratiba yenyewe ianze lini?

Miezi mitatu au minne. Lakini usianze na saa ya ukutani, anza na mtoto. Katika umri huo wengi huweza kukaa macho saa moja na nusu hadi mbili, kisha huchoka. Utamwona anapiga miayo, anafikicha macho, anageuza uso hataki tena kuchezeshwa. Hapo ndipo pa kumlaza. Ukingoja mpaka alie, amechoka kupita kiasi na kumlaza kutakuwa kazi.

Kinachomjengea mazoea ni mfuatano ule ule kila mara: nepi kavu, pazia linashushwa, wimbo mmoja mfupi, kitandani. Na dada naye aufuate huo huo. Wiki moja kabla ya kurudi kazini, mwachie amlaze yeye wewe ukiwepo. Mtoto akizoea mikono ya nyote wawili, siku ya kwanza ya kazi haitakuwa ya machozi kwa nyumba nzima.

Analala dakika 40 tu, anaamka. Ana shida?

Hapana. Mzunguko mmoja wa usingizi wa mtoto ni mfupi, kama dakika 40 hadi 50, na wengi bado hawajajua kuunganisha mmoja na mwingine. Akijinyoosha na kuguna, subiri kidogo kabla ya kumnyanyua. Huenda akarudi kulala mwenyewe.

Bila mbeleko halali kabisa.

Mbeleko si kosa, imelea vizazi. Angalia tu uso wake uwe wazi na kidevu kisikandamizwe kifuani. Ukitaka azoee kitanda, jaribu kwanza usingizi wa asubuhi, ambao kwa watoto wengi huja kirahisi.

Kitandani alazwe chali, kila mara, hata kwa usingizi wa nusu saa. Godoro liwe gumu na tambarare, pasiwe na mto, blanketi zito wala midoli, na chandarua kishushwe hata mchana. Najua bibi atahofu kwamba mtoto akicheua atapaliwa. Mweleze kwa heshima: mtoto mzima wa afya akilala chali, mwili wake humsaidia kumeza au kukohoa alichocheua, ilhali kumlaza kifudifudi ndiko kunakoongeza hatari ya kifo cha ghafla usingizini.

Nikimnyima usingizi wa mchana, si atalala vizuri usiku?

Kinyume chake. Aliyechoka kupita kiasi husumbua zaidi usiku. Kinachofaa ni kuufupisha ule usingizi wa jioni ukikaribia sana muda wa kulala usiku.

Jirani ameniambia nimpe dawa ya mafua kidogo alale.

Usimpe, tafadhali. Dawa hizo zinaweza kudhoofisha upumuaji wa mtoto mdogo. Wala asali usimpe kabla hajatimiza mwaka mmoja.

Nitajuaje kwamba kulala sana ni ugonjwa?

Mtoto mzima wa afya akiamka hunyonya kwa nguvu. Ukiona haamki kwa urahisi, amelegea, ameacha kunyonya, ana degedege, kifua kinabonyea anapovuta pumzi, au viganja na nyayo zina rangi ya manjano, mpeleke kituo cha afya mara moja, hata usiku. Kwa aliye chini ya miezi miwili, joto la 37.5 au zaidi, au pumzi 60 na kuendelea kwa dakika akiwa ametulia, nazo ni za kupelekwa saa hiyo hiyo. Mnyonyeshe njiani kama anaweza.