Kobe Akikukojolea, Umemnyang'anya Maji Yake

Kila kundi la wanafunzi likiingia bustanini, hakosi mtoto mmoja wa kumkimbilia kobe na kumnyanyua kwa mikono miwili. Maji yanamwagika, wenzake wanaangua kicheko: "Amekukojolea!" Somo letu huanzia hapo, kwa sababu kilichomwagika ni akiba. Kobe huweka maji kwenye kibofu yamvushe kiangazi, na akishtuka huweza kuyamwaga yote. Masika atayapata mengine upesi. Mwezi wa nane, nyasi zikiwa zimekauka, anaweza kufa kwa kiu siku nyingi baada ya wewe kumweka chini ukiamini hukumdhuru.

Kwa hiyo siku hizi tunawaomba watoto walale kifudifudi kwenye nyasi, mbali kidogo, wanyamaze. Dakika kadhaa zikipita, shingo inachomoza, na wanasikia kabisa jinsi anavyokata majani.

Swali linalorudi kila mara, hata kwa wazazi: akivua gamba anabakije? Havui. Uti wa mgongo na mbavu zimeungana na gamba, na gamba lenyewe linahisi. Kulitoboa ili upitishe kamba ni kumtoboa mfupa mnyama aliye hai. Na mkate, ugali au chipsi si chakula chake. Mpe nyasi na majani.

Watu wa Dar es Salaam wengi wanawajua kobe wakubwa wa Changuu, kisiwa kidogo karibu na mji wa Zanzibar, ambao asili yao ni Ushelisheli. Wa kwetu hawajulikani hivyo. Katika vichaka vya ukanda huu wa pwani yupo kobe mwenye kitu kama bawaba nyuma ya gamba. Akiogopa, hulishusha likafunika miguu ya nyuma, kama mlango. Anayenitia wasiwasi zaidi ni kobe bapa wa kwenye majabali ya bara. Gamba lake ni jembamba na linanesa, hujipenyeza kwenye ufa wa mwamba. Kwa kawaida jike hutaga yai moja tu kwa mara, na wawindaji hupasua miamba kumtoa, hivyo wakiondolewa kobe kumi mahali pamoja, pengo hilo halizibiki kwa miaka mingi. Mwaka 2019 CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulimweka kobe huyu kwenye Kiambatisho cha Kwanza, na biashara ya kimataifa ya kobe waliokamatwa porini ikapigwa marufuku.

Ukimkuta kobe anavuka barabara, mbebe chini chini, gamba likiwa sawa, umvushe upande aliokuwa anaelekea. Usimpakie kwenye gari uje naye mjini. Kama tayari unaye nyumbani bila kibali, usimwachie kwenye kichaka chochote, maana anaweza kuwaambukiza maradhi wa porini. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumfuga bila leseni. Mpeleke kwa afisa wanyamapori wa wilaya yako, na umweleze ulimtoa wapi hasa, kijiji na pori, kwani bila hilo hatuwezi kumrudisha kwao.