Shokapu Haibebi Gari

Shokapu, ambayo wengine huiita shokomzoba, ni bomba la chuma lenye oili ndani, lililofungwa kati ya bodi ya gari na gurudumu. Jina lake la Kiingereza lina maana ya kitu kinachomeza mshtuko, na hapo ndipo wengi tunapopotea. Shimo la barabarani hupokelewa kwanza na tairi na springi. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi ikishashtuka, isiendelee kudunda.

Simama mwaloni Kirumba, Mwanza, utazame mtumbwi mtupu. Wimbi limeshapita na kufa ufukweni, mtumbwi bado unapanda na kushuka. Ndivyo linavyokuwa gari lenye springi nzima na shokapu zilizokufa. Sasa shika kasia ulitie bapa majini. Ukilisukuma polepole maji yanakupisha, ukilivuta kwa ghafla yanagoma. Ndani ya shokapu kuna pistoni yenye vitundu na vali ndogo, na oili inalazimika kupenya humo. Gari likiinama taratibu oili inapita bila shida. Likirushwa ghafla oili inakaza, na nguvu ya mdundo inageuka joto. Joto hilo linagusika. Ukitoka kwenye barabara mbovu, sogeza mkono kwa tahadhari kwenye kila shokapu: inayofanya kazi ina joto, na ile iliyobaki baridi wakati pacha wake ana joto, imekwisha. Kwangu kipimo hiki kinasema kweli kuliko kile cha kubonyeza bampa na kuachia, maana Hiace ina springi ngumu, haibonyei kwa mikono.

Tukiwa hapo kwenye Hiace za zamani: uzito wa mbele umebebwa na fito za chuma zinazojisokota, wa nyuma na springi za bapa zilizopangwa moja juu ya nyingine. Shokapu imesimama pembeni. Kwa hiyo kama gari lako limelala nyuma hata likiwa tupu, shokapu mpya hazitaliinua, tazama springi. Noah ni habari nyingine. Kule mbele shokapu imepita katikati ya springi na ni sehemu ya mguu unaoshika gurudumu. Kuibadilisha kunahitaji kifaa cha kuminya springi, na fundi asiye nacho usimruhusu aguse, kwa sababu springi ikifyatuka inaumiza vibaya. Baadaye lazima gari likapimwe alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu.

Mimi nilinunua shokapu za hevi diuti, yaani za kazi nzito. Duka moja liliniambia ndizo imara, basi nikaamini imara ni laini. Hiace yangu ilikuwa imeongezwa bapa moja la springi na mwenye nayo wa kwanza, aliyekuwa akibeba magunia. Nikaweka juu yake shokapu zenye vali ngumu, halafu nikawapakia watoto na mama yangu tukapanda njia za mawe za Mabatini. Mama alishuka ameshika kiuno. Iliniuma sana, kwa sababu zile fedha nilizitoa kwa ajili ya kiuno hicho hicho.

Hevi diuti ina mahali pake: gari linaloshinda limejaa. Anayebeba familia, au mzigo wa siku mojamoja, achukue shokapu za kiwango cha kiwandani, zinazolingana na namba ya chesisi, si za "Hiace zote". Zikiwa fupi kuliko inavyotakiwa zitafika mwisho na kugonga. Zikiwa ndefu zitagota gari likiinama. Na kama kuna bapa lililoongezwa na huna magunia, litoe kwanza. Punguza na upepo wa tairi ufikie kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango. Huenda nusu ya ugumu ukaondoka hapo, bila kununua kitu.

Kuhusu oili tupu na gesi: shokapu ya gesi nayo ina oili, ila imeongezewa naitrojeni yenye shinikizo. Kwenye barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati, pistoni inakwenda mbio kiasi kwamba oili ya kawaida hutoka povu, na povu halina ukinzani. Ndipo dereva anaposema gari linaelea. Gesi inapunguza povu hilo. Inakaza kidogo, lakini kwa anayekwenda vijijini kila wiki ningemshauri aichukue.

Shokapu za mitumba sizipendi, maana sili, ule mpira unaozuia oili isivuje, imeshazeeka. Ukilazimika kununua, ivute shokapu na kuisukuma mwendo mzima. Iwe nzito zaidi kuvuta kuliko kusukuma, isiwe na sehemu inayoachia ghafla, wala unyevu wa oili.

Badilisha mbili za ekseli moja, ya kulia na ya kushoto, kwa pamoja. Kabla ya kufunga zile za oili, zisimamishe wima uzivute na kuzisukuma mara kadhaa, hewa ipande juu. Nati za kwenye bushi, zile mpira za maungio ya shokapu, zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, mpira wa bushi unabaki umejisokota siku zote, na hautachukua muda kupasuka.