Unampimaje bibi asiyejua kalamu? Dhana potofu kuhusu vipimo vya kumbukumbu

Dhana: Mzee akipata alama chache, tayari ana dimenshia (ugonjwa wa ubongo unaodhoofisha kumbukumbu na fikra).

Kwanza tuulize kipimo kilitungwa kwa ajili ya nani. MMSE, kipimo cha kumbukumbu na fikra kilichotoka Marekani mwaka 1975, kina alama 30 na kimeenea duniani kote. Mzee hutakiwa kusoma agizo na kulitii, kuandika sentensi, kunakili michoro miwili ya pembetano iliyopishana, na kutoa 7 katika 100, kisha 7 tena, na tena. Mpe bibi ambaye hakupelekwa shule. Alama zinampotea kabla kumbukumbu yake haijaguswa, na huyo huyo anajua nani anamdai mahindi na ng'ombe yupi alizaa lini. Hapo umepima shule. Kumpa bibi huyo jina la ugonjwa ni kumdhulumu, na familia itamtendea kama mgonjwa tangu siku hiyo.

Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza walitengeneza kipimo kinachoitwa IDEA, chenye alama 15. Hakidai kusoma wala kuandika. Mzee huulizwa daraja ni kitu gani, leo ni siku gani, kiongozi wa kijiji ni nani. Hutaja wanyama kadiri awezavyo kwa dakika moja, hukumbuka maneno aliyosomewa, kisha hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Njiti za kiberiti! Nani kijijini hajazishika?

Dhana: Kipimo cha kigeni kikitafsiriwa, kinatosha.

MMSE huuliza sasa ni majira gani ya mwaka. Kwao majira ni manne, yenye tarehe zake. Kwetu kuna masika, vuli, kiangazi, na mvua ikichelewa hata daktari na mgonjwa wanaweza kutofautiana. Ndiyo maana tafsiri nzuri hurudishwa kwenye lugha ya awali na mtu ambaye hakuona maandishi ya awali, nakala hizo mbili zikalinganishwa, kisha tafsiri ikajaribiwa kwa wazee wenyewe.

Dhana: Picha ya ubongo ya MRI humaliza ubishi.

Picha huonyesha kiharusi, uvimbe, au ubongo uliosinyaa. Haisemi kama mama bado anaweza kupika bila kuunguza chungu. Wapo ambao ubongo umesinyaa na maisha yanawaendea vizuri. Hivyo daktari makini humkalisha pia anayeishi na mgonjwa na kumwuliza: mwaka juzi alikuwa anafanya nini peke yake, ambacho leo hawezi?

Dhana: Ni uzee tu, au amerogwa.

Kusahau kunakovuruga shughuli za kila siku si uzee tu, wala si uchawi. Sonona, upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingo na baadhi ya dawa huweza kumfanya mtu asahau, na hayo yanatibika. Vipimo vya damu vifanyike mapema, kabla hajafungiwa chumbani.