Magari ya umeme hayakuiangusha Detroit

Tarehe 1 Juni 2009 General Motors (GM), mojawapo ya kampuni kubwa za magari za jiji la Detroit, Marekani, ilikwenda mahakamani New York kuomba kinga dhidi ya wadai, mwezi mmoja tu baada ya mwenzake Chrysler. Leo magari ya betri yamezagaa, na watu wameyaunganisha mambo hayo mawili wakapata hadithi tamu isiyo ya kweli.

Dhana: Magari ya umeme ndiyo yaliyozimaliza kampuni za magari za Marekani.

Tarehe zenyewe zinakataa. Mwaka 2009 Tesla, kampuni ya magari ya umeme, ilikuwa na gari moja tu sokoni, Roadster, la viti viwili na bei ya zaidi ya dola 100,000. Nissan Leaf, nayo ya umeme, ilikuwa bado kuuzwa. Waliowapiga Detroit ni Toyota na Honda za petroli, tena kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 karibu nusu ya magari mapya Marekani yalikuwa ya GM. Kufikia 2009 yalibaki kama moja ya tano. Nchi za Kiarabu ziliposusa kuiuzia Marekani mafuta mwaka 1973, wanunuzi waligeukia vigari vya Kijapani, wakakuta havinywi mafuta na haviharibiki ovyo. Detroit haikuwafuata huko kwa moyo. Ilijikita kwenye pikapu na magari makubwa ambako faida ilikuwa nono na ushindani hafifu, maana tangu 1964 pikapu za kutoka nje zilitozwa ushuru wa asilimia 25. Ushuru huo uliwalinda, na kwa maoni yangu uliwalevya. Juni 2008 galoni ya petroli ikapita dola 4, Septemba mabenki yakayumba, na mteja wa pikapu akakosa hela ya mafuta na mkopo wa gari kwa pamoja. Juu ya hayo kampuni zilibeba pensheni na matibabu ya maelfu kwa maelfu ya wastaafu.

Dhana: Detroit haikujua kutengeneza gari la umeme.

Ilijua mapema kuliko wengi. GM ilitoa EV1 mwaka 1996, mwaka mmoja kabla ya Prius ya kwanza, gari la Toyota la petroli na umeme kwa pamoja, kuonekana Japani. Ilikuwa na viti viwili, umbo la tone la maji, na magurudumu ya nyuma yaliyofunikwa nusu. Zilitengenezwa 1,117 tu, na hakuna mteja aliyeuziwa: zote zilikodishwa. Sheria ya California iliyokuwa ikizilazimisha kampuni kuuza magari yasiyotoa moshi ilipolegezwa, GM ikazikusanya. Waliokuwa wakiziendesha waliomba wauziwe, wakakataliwa. Nyingi zikapondwapondwa; chache zikaenda makumbusho na vyuoni, karibu zote zikiwa zimelemazwa zisiwake tena. GM ilitaja gharama za vipuri. Sawa, ila asiseme mtu kwamba ujuzi haukuwepo.

Dhana: Gari lenye nembo ya ethanoli hutumia ethanoli.

Haya ni magari yanayoweza kutumia petroli au ethanoli, yaani mafuta ya kileo yatokanayo na mimea. Mengi ya GM yalikuwa na kifuniko cha tangi cha njano, na wenyewe wakajaza petroli siku zote kwa sababu vituo vya ethanoli vilikuwa vya kutafuta kwa tochi. Lakini sheria ya Marekani inayozibana kampuni zitengeneze magari yasiyokunywa mafuta iliyahesabu kana kwamba nusu ya safari zake ni za ethanoli. Kwa hiyo pikapu lafi lilionekana la kiasi kwenye makaratasi. Ujanja halali kabisa.

Dhana: Gari la umeme ni uvumbuzi wa karne hii.

Mwaka 1900 magari ya umeme yaliyotengenezwa Marekani yalizidi ya petroli. Mke wa Henry Ford mwenyewe, Clara, alikuwa na la umeme.

Dhana: Detroit ilibebwa na serikali, Tesla ikajijenga yenyewe.

GM na Chrysler zilibebwa, hilo halina ubishi. Ford haikufilisika: mwaka 2006 iliweka rehani karibu kila kitu, hata nembo yake ya buluu, ikapata mikopo ya zaidi ya dola bilioni 23 kabla milango ya benki haijafungwa. Lakini Wizara ya Nishati ilikuwa na mfuko mwingine wa mikopo kwa magari yanayobana mafuta. Ford ilichukua humo dola bilioni 5.9, Tesla milioni 465, na Tesla ikazilipa zake zote mwaka 2013. Na kiwanda ambacho Tesla ilianzia Model S, kule Fremont, California, ilikinunua kikiwa kimefungwa. Kabla ya hapo GM na Toyota walikuwa wakikiendesha kwa ubia.