Maji ya betri hayarudishi jante mng'aro

Hapa Goma, penye kuoshwa magari, wengi huamini kwamba jante (rimu ya gurudumu) ya aluminiamu haishiki kutu, kwa hiyo madoa meupe yanayoonekana juu yake ni uchafu tu, na maji ya betri, yaani asidi yake, yatayaondoa.

Ni kweli kutu nyekundu ni ya chuma. Lakini aluminiamu nayo huliwa. Ikikutana na hewa hujifunika utando mwembamba unaoilinda. Jante nyingi hupakwa pia vanishi, na jiwe likiikwangua, unyevu hupenya chini yake na kuacha ungaunga mweupe. Asidi huyeyusha utando ule na kuanza kula jante yenyewe. Soda kali ya kutengenezea sabuni hufanya vivyo hivyo, tena kwa kasi, huku ikitoa mapovu. Ung'avu unaouona ni wa jante iliyokwanguliwa, na hufifia upesi. Mikono na macho ya kijana anayeosha, hayo ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi.

Jaribu mwenyewe. Sumaku ikinasa, jante ni ya chuma. Isiponasa, paka dawa ya kung'arishia kidogo upande wa ndani, usugue kwa kitambaa cheupe. Kikigeuka cheusi, hapo hapana vanishi. Kikibaki safi, vanishi ingali pale, basi maji ya sabuni na brashi laini vinatosha, jante ikiwa imepoa. Palipoliwa, piga msasa wa maji, namba 400 kisha 800, ung'arishe, upake vanishi upya. Ukikuta ufa, usipake kitu, mwonyeshe fundi.